Hakuna Mpini Bila Bugali

Katika kilio cha Papa Kambale, pale Butembo, mzee aliyekaa nami kwenye benchi moja aliniuliza swali dogo likanishinda. "Na weye, mama, ulikuwaka nani yake?" Nilikuwa nimetoka Beni asubuhi ileile, kutoka kwangu mtaa wa Ruwenzori, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumpa pole mjane, lakini kwa swali hilo sikuwa nimejiandaa. Mtoto wake? Watoto wake walikuwa pale mbele, watu wazima wenye mvi, wamekaa kwa majina yao kama tunavyozaliwa sisi Wanande, Mumbere kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, hakuna haja ya kuuliza nani mkubwa. Mfanyakazi wake? Sikuajiriwa naye. Mgonjwa wake? Hakuwa daktari. Mwishowe nikajibu, "Nilikulaka kwake mwaka moja," na mzee akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyepewa jibu la mtaa mwingine. Nyuma yetu wanaume walikuwa wameshaanza kuzungumza habari za samaki, maana hata kilio kina saa yake ya kupumua. "Ile fimbo yangu ya Papa, hata mvua inyeshe, haitelezi," mmoja alisema. Mwingine akasema mke wake anamlaumu kwamba anashika fimbo ya ndoano kwa upole kuliko anavyomshika yeye. Nilicheka huku machozi yakinitoka. Mzee aliuliza vizuri, mimi nikajibu kwa mkato, kwa hiyo hapa nitajibu kwa urefu.

Nilifika nyumbani kwa Papa Kambale nikiwa na miaka kumi na tisa na mkono wa kulia usiofunga. Mvua ya Beni, udongo mwekundu, beseni la nguo mbichi kichwani: niliteleza, nikajishikia chini kwa mkono, kifundo kikavunjika. Plasta ilikaa muda mrefu. Ilipotolewa mfupa ulikuwa umeunga vizuri, lakini vidole vilibaki nusu, havifunguki wala havifungi, kama vya mtu anayengoja kurudishiwa chenji. Nilikuwa ninajifunza kushona kwa mama mmoja wa Beni, na sasa mkasi uliniponyoka kila nilipoushika. Yule mama hakuwa mtu mbaya. Aliniambia uso kwa uso: "Mashine yako itakungojea mpaka Noeli. Kiisha Noeli nitaipatia mwengine. Hapana kasirika, ma fille, njo kazi." Basi nikapelekwa Butembo, ambako mtawa mmoja hospitalini alikuwa na sifa ya kukanda mikono na miguu iliyokataa, na nikapewa kitanda kwa Mama Katungu, mke wa Papa Kambale, aliyewahi kuimba kwaya moja na mama yangu. Yule mtawa alinikanda hadi nikang'ata kitambaa chake, kisha akasema, "Miye nafanya kazi kidogo tu. Kazi mingi ni yako. Mukono yenye haitumike inasahau." Nililia njia nzima kupanda kilima. Sikulilia maumivu. Nilililia ile mashine, na yule mwengine ambaye sikumjua jina na ambaye tayari nilikuwa nimemchukia.

Nyumba yao ilikuwa ya mbao, juu ya kilima chenye mikaratusi, na upepo wa Butembo, ambao mtu wa Beni hauzoei, ulipita katikati ya mbao bila kubisha hodi. Chumba cha mbele kilikuwa kimoja kwa mambo yote. Meza pia ilikuwa moja. Asubuhi ilikuwa ya kazi, mchana ya chakula, na katikati ya hayo mawili Mama Katungu alikuja na ufagio mfupi kukusanya vumbi jeupe, akilalamika kwamba ipo siku tutakula mpini tukidhani ni unga. Papa Kambale alianza maisha na mipini ya majembe, kama baba yake. Kisha wafanyabiashara wa mji wakaanza kuchimba mabwawa ya samaki mabondeni, na Jumapili baada ya misa au ibada wakapenda kukaa kando ya maji na fimbo ya kuvulia, koti likiwa limetundikwa mtini, simu zikiwa zimezimwa. Fimbo zile zilitoka Kampala ndani ya marobota ya nguo. Zilifika zimevunjika, au mpini wake wa sponji ulioza kwa mvua zetu kabla ya mwaka kuisha. Papa Kambale akachukua mulineti peke yake, lile gurudumu la kukunjia uzi, akawajengea upya kilichobaki: mwanzi kutoka Musienene, na mwale kutoka Kasugho.

Ni lazima niueleze mwale, mti wa jamii ya mnazi, maana harufu yake ndiyo harufu ya mwaka ule. Ndani ya shina la ukuti wa mwale kuna kiini cheupe, laini, chepesi hata ukikitupa juu unangoja kishuke. Wanaume wa Kasugho walikileta kimefungwa matita kichwani, nasi tulikikausha chini ya mabati. Papa Kambale alikikata visahani vidogo, akakitoboa kila kimoja katikati kwa chuma cha moto, akavipitisha kwenye mwanzi kimoja baada ya kingine kutoka upande mwembamba hadi upande mnene, vikabanana kwa kola, gundi yetu, mahali mkono utakapokaa. Tundu likiwa kubwa, mpini unacheza. Likiwa dogo, kisahani kinapasuka njiani, na hapo ndipo nilipojifunza matusi mawili matatu ya Kinande ambayo mama yangu hakunifundisha. Kola ikishakauka, alianza kuchonga: kisu, tupa, msasa, na mwisho kipande cha chupa. Alisema mpini wa jembe unalitazama jembe, lakini mpini wa ndoano unamtazama mtu, na mtu hatazamwi akisimama mlangoni na kofia yake.

Kwa hiyo kila mteja alikula kwanza. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba, na nimewaona watu wenye magari wakiipinga bila kufanikiwa. "Papa, miye nakuya juu ya ndoano, hapana juu ya resto," alisema mmoja, mnunuzi wa kahawa, akiangalia saa. "Hakuna mupini bila bugali," Papa Kambale alimjibu, na Mama Katungu akawa ameshammwagia maji mikononi. Bugali la muhogo, sombe ya majani yake, samaki mkavu au maharage ya Musienene. Papa hakusema neno lolote juu ya fimbo. Alimtazama mtu anavyomega, anavyoviringisha tonge, kama anakaza kwa vidole vitatu au kwa kiganja kizima, kama kidole gumba kinabonyeza shimo la mchuzi au kinalala pembeni kama mvivu. Mteja alipokuwa ameshasahau kwa nini alikuja, Papa alinyoosha mkono ghafla: "Hiyo nipatie." Tonge lile lile, lenye alama za vidole, liliwekwa juu ya ubao wa dirisha likauke, liwe kipimo cha mpini wake. Kuna waliocheka, kuna waliodhani ni uchawi. Kuku wa jirani aliwahi kula mkono mzima wa katekista mmoja, ikabidi aalikwe tena, na Mama Katungu alisema katekista amemtuma kuku yule yeye mwenyewe kwa ajili ya sombe yake.

Shida kubwa haikuwa kuku bali majina. Chini ya kila tonge Papa aliandika jina kwa makaa, na kwetu majina hayatoshi kumtofautisha mtu. Mtoto wa pili wa kiume ni Kambale, basi, na kila nyumba ya Butembo iliyojaliwa wavulana wawili ina Kambale wake. Dirisha lote lilikuwa Kambale, Kambale, Kambale. "Uyu ni Kambale gani?" niliuliza siku zile za kwanza. "Ni ule wa kukohoa," alijibu Papa bila kugeuka. Siku moja mnunuzi wa kahawa alichukua fimbo ya Kambale mwingine, mwalimu mwembamba, akavua nayo Jumapili tatu bila kulalamika. Alipoulizwa akasema alidhani ni mkono wake ndio umenona. Na mtu mmoja aliyewahi kuishi Kigoma, anayejua kwamba huko kambale ni jina la samaki, hakuacha kutusimanga: "Kambale anachongea Kambale fimbo, Kambale aende avue kambale! Nani atakula nani?" Utani huo aliurudia kila alipokuja, na kila mara Papa Kambale aliucheka kama mpya. Hadi leo nashukuru kwamba nilikaa mwaka mzima na mtu anayeweza kucheka utani uleule.

Mimi nilipewa msasa. Niliusukuma kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa mapajani kama mgeni ambaye hakuombwa kusaidia. Hadi siku ile ambapo Papa alikuwa anafunga uzi kwenye fimbo, mikono yake yote imeshikwa, akasema nimshikilie mpini uliokamilika. Nikaupokea kwa mkono uliokuwa karibu, ambao ulikuwa wa kulia, nikauachia mara moja. "Inanichoma hapa," nikasema. Papa aliweka kazi yake chini. Aliupapasa mpini, hakuona kitu. Akafumba macho, akaupitisha kwenye shavu, ndipo akasimama tuli: kulikuwa na uvimbe, mdogo kama punje ya mtama, mahali ambapo kidole cha tatu kinalala. "Kamata na huu." Nikashika. "Na huu?" Wa tatu nilimwambia ni mnene upande wa gumba. Akapima, kweli. Aliketi akaniangalia kama mtu aliyegundua kwamba mbuzi wake anajua kuhesabu.

"Unajua ni juu ya nini weye unasikia na miye hapana?" aliniuliza wakati wa chakula. "Mukono yenye ni muzima iko na nguvu. Inakaza, inafunika makosa. Inakuambia, iko muzuri, iko muzuri, kumbe ni bongo." Bongo, ndivyo tunavyoita uongo huku kwetu. "Mukono yangu inanisemeaka bongo miaka yote. Yako haina nguvu ya kusema bongo." Tangu siku hiyo hakuna mpini uliotoka katika nyumba ile bila kupita katika vidole vyangu vibovu. Nilishika, nikafumba macho, nikasema hapa, na hapa, naye akakwangua kwa kipande cha chupa hadi niliponyamaza. Wateja walianza kusema mipini ya Papa Kambale imekuwa kitu kingine mwaka huu. Wengine walikuja kutoka Beni na hata Lubero. Mimi niliyekuwa mzigo wa kitanda nikawa mizani ya nyumba, na nitasema ukweli: nilivimba kichwa. Nimeishi miaka mingi tangu wakati ule, nimezaa, nimezika, nimetafutwa na watu kwa mengi, lakini furaha ya kuhitajiwa kwa sababu ya kitu kilekile nilichokionea aibu sijaipata tena mahali popote.

Ukuta kati ya chumba changu na chao ulikuwa wa mbao zenye nafasi, na mtu akilala mchana kwa sababu mkono umekandwa unawaka moto, husikia yasiyomhusu. Yale yalinihusu. Mama Katungu alikuwa anachambua maharage, nilisikia yakianguka kwenye sinia. "Kambale, nikuulize kitu." Alipomwita bila Papa, mambo yalikuwa mazito. "Uyu mutoto alikuya hapa juu apone. Saa hii naona unafurahi juu hajapona." Maharage yakaendelea kuanguka. "Kila mutu anaingia hapa, unamuonyesha mukono yake. 'Angalia, haidanganyake.' Lakini na siku itapona? Utafanya nini na siku ile?" Nilikaa kitandani nikashika pumzi nisikie jibu. Na ndipo mvua ya Butembo, ambayo haijawahi kuwa na adabu, ilipoanguka juu ya mabati yote kwa mpigo mmoja. Niliona tu kwenye ufa kwamba midomo yake inatikisika. Mvua ilipopita walikuwa wanazungumzia bei ya mafuta ya taa.

Sitasahau jinsi nilivyoishi siku zilizofuata. Nilimpenda yule mzee, na nikaanza kumwogopa. Nikimwona anamwonyesha mteja mkono wangu nilijiuliza, huyu anataka niwe nani? Lakini mara baada ya mazungumzo yale sheria ilibadilika mezani. Kijiko changu kilipotea. Nilipokiuliza, Mama Katungu alisema panya wa Butembo ni wezi, na Papa akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na sombe yake, "Kwangu batu banakula na mukono ya kuume." Nikamega bugali kwa mkono wa kulia. Lilianguka. Nikamega tena, likafika kidevuni. Maharage yalitua kwenye sketi, samaki kwenye miguu, na yule kuku wa jirani akahamia kwetu moja kwa moja. "Anakushukuru sana, ye na batoto yake," alisema Mama Katungu. Nilikuwa ninaondoka mezani na njaa na hasira. Hawakunilisha, hawakunionea huruma, hawakuharakisha. Walikaa wote wawili mpaka tonge langu la mwisho, sahani zao zikiwa zimekauka muda mrefu.

Papa akanichongea pia mpini wangu, wa tupa, kwa visahani vya mwale kama vya wateja. Ulikuwa mnene ajabu, mnene kama chupa, umekaa ndani ya vidole vyangu vilivyo nusu kama yai ndani ya kiota. Kwa mara ya kwanza tangu Beni nilishika kitu, nacho kikakubali kushikwa. Nikaanza kupiga tupa kwa mkono wa kulia, kidogo asubuhi, zaidi jioni. Mwale ukishikwa na jasho hugeuka rangi, huwa kama chai ya maziwa, na wangu uligeuka upesi. Asubuhi moja niliuchukua nikauona ni mweupe. Nilidhani ni kazi ya Mama Katungu na sabuni yake. Ukageuka rangi tena, na baada ya siku kadhaa nikaukuta mweupe tena, na hapo mezani palikuwa na vumbi laini ambalo mimi sikulisababisha. Ndipo nikaelewa. Papa Kambale alikuwa anaamka kabla yangu, anaukwangua ule mpini kidogo, kidogo sana, unakuwa mwembamba, na vidole vyangu vinaufuata bila kuambiwa. Sikumwambia kwamba najua. Nilienda nyuma ya nyumba, nikajifuta uso kwa kitenge, nikarudi nikasema, "Wasingya, papa," akauliza ninamshukuria nini, nikasema chai. Ile mvua sikuidai tena jibu.

Hata hivyo mkono, kwa macho yangu, ulikuwa uleule. Mgonjwa ndiye wa mwisho kuona, anajitazama mno. Yule mtawa alisema, "Inakuya," lakini yeye alimwambia kila mtu hivyo, hata yule baba wa kitanda cha pembeni ambaye mguu wake haukuja. Mwezi wa kumi na mbili ulifika na baridi yake na ukungu. Msafiri mmoja kutoka Beni alileta salamu za yule mama wa kushona: mashine bado ipo, lakini kuna binti anaitazama. Nilimjibu kwamba sijui. Nilikuwa ninaogopa kuushika mkasi, ndiyo habari yenyewe, maana ukiniponyoka tena nitakuwa nimejua, na kutokujua kulikuwa na joto lake. Nilianza kujiambia kwamba nitakaa hapa. Nitakuwa mizani. Kuna watu wana mashine, mimi nina mkono ambao haudanganyi, na si kila mtu anaweza kusema hivyo.

Ndipo akaja Kambale wa Musienene, mkulima wa viazi, mtu mpole mwenye viganja kama sepetu, aliyekuwa na bwawa lake nyuma ya shamba. Ilikuwa siku ya soko, alishuka na magunia, na juu ya magunia fimbo yake imefungwa katika kitenge cha mke wake. Alisalimia vizuri, akaulizia watoto wote, akakubali kiti. Kisha akafungua kiganja. Kulikuwa na lengelenge katikati, limepasuka. "Papa, sitaki kukukosea heshima. Lakini ile fimbo inanikula."

"Ulikamata ya Kambale mwengine," Papa alisema mara moja, na sisi sote tukapumua, maana tulizoea. Akachukua tonge kutoka dirishani, tonge la Kambale wa Musienene, kubwa kama ngumi ya mtoto, akaliweka ubavuni mwa mpini. Vidole vilikaa. Gumba likakaa. Mpini ulikuwa wake. Papa akafumba macho, akaupitisha kwenye shavu, na hakuhitaji kuupitisha mara ya pili. Nikamwona anautazama kwa macho makavu. "Hapa kuko kosa," alisema. "Si punje ya mtama. Ni harage." Akanigeukia polepole. "Ni weye uliipitisha?"

"Ni miye."

"Kamata tena."

Nikaushika. Nilitafuta kile kinachochoma. Nikahamisha vidole, nikafumba macho, nikasubiri mkono useme. Haukusema kitu. Ulikuwa mpini mzuri, umejaa vizuri, hauna dosari yoyote. "Iko muzuri," nikasema, na nikasikia sauti yangu inavunjika, kwa sababu lengelenge la Kambale wa Musienene lilikuwa pale mbele yangu, jekundu, na kosa lililolileta mimi sikulisikia. Nikawaza, basi, hata hiki kimeondoka. Mkono haukuweza kushona, ukajua kitu kimoja tu duniani, na sasa umekisahau. Niliangusha fimbo mezani nikalia kwa sauti, mbele ya mgeni, mtu mzima wa miaka kumi na tisa, kamasi na vyote.

Nilipoinua uso, Papa Kambale alikuwa amesimama, na kitu kilikuwa kinatokea usoni mwake ambacho sikukielewa. Kwanza nilidhani ni hasira. "Mama Katungu!" alipiga kelele hata kuku wakatawanyika. "Katungu! Kuya mbio! Mukono ya mutoto imeanza kusema bongo!" Mama Katungu alitoka jikoni na mwiko umejaa bugali, akasimama mlangoni, akamtazama mumewe, akanitazama mimi, akatazama fimbo, na yeye alielewa kabla yangu. Alipiga magoti palepale, mwiko ukiwa juu. "Inasema bongo?" alinong'ona. "Inasema bongo kabisa!" Papa alikuwa anacheka huku anatembea akizunguka meza. "Inafunika kosa! Harage nzima, inafunika! Inakaza kama ya mutu yeyote, inasema iko muzuri, iko muzuri!" Kambale wa Musienene, kiganja bado wazi, alitutazama mmoja mmoja. "Miye niko na kidonda," alisema kwa masikitiko, "na nyiye munacheka."

Mashine yangu niliikuta Beni siku chache kabla ya Noeli, na nimekula jasho la mikono hii miwili hadi leo, lakini si hapo ninapotaka kumwacha msomaji. Nataka kumwacha pale mezani. Papa Kambale alikaa mbele yangu, akasukuma pembeni tupa na visahani, akaweka mkono wake katikati ya vumbi jeupe, kiganja juu. "Kamata," alisema. Nikashika. "Kaza." Nikakaza kidogo, kwa woga, kama nilivyozoea. "Hapana salamu ya kanisani. Kaza!" Nikakaza. Nikaviona vidole vyangu vinazunguka mkono wa mtu, kimoja kimoja, hadi kucha zikapotea upande wa pili. Mzee yule alikuwa anapoteza mizani yake, ile iliyomfanya ajulikane hadi Lubero, na alikuwa anajua. Kwangu ndicho kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kufanyiwa na mtu ambaye si wa damu yangu. "Kaza tena," alisema, macho yamejaa maji. Nikakaza kwa mwaka mzima, kwa maharage yote yaliyoanguka, mpaka Papa Kambale akaruka kitini na kulia, "Aï! Wacha! Unanivunja!"

Sikumwachia.